CG125 ya zamani, Mbeya: shajara ya cheni, sproketi na kava lake

Mei, mvua zikiisha: hali ilivyokutwa

Pikipiki ni Honda CG125 ya kizazi cha mwanzo: injini ya cc 124 yenye vyuma vya kusukumia valvu, breki za ngoma mbele na nyuma, na kava la bati linalofunika cheni yote. Kwa kuwa haina cheni ya taimingi ndani ya injini, cheni ya kutunza ni moja tu, hii inayokwenda tairi la nyuma. Kazi ya injini imeshamalizwa na haimo humu. Shajara hii inaanzia sproketi ya mbele (gurudumu la meno linaloshika cheni) na kuishia habu ya nyuma (kitovu cha tairi).

Malalamiko ya mwenye pikipiki ni matatu. Ikienda polepole inashtuka-shtuka, ikiachiwa mafuta kwenye mteremko wa Mlima Nyoka inagonga ndani ya kava, na chini ya sproketi ya mbele kuna oili inayodondoka.

Kava lina kizibo cha mpira upande wa chini. Ukikitoa unaiona cheni na unaweza kuisukuma kwa kidole. Kipimo cha kwanza kilichukuliwa hapo, pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, gia ikiwa nyutro, tairi likizungushwa kidogo kidogo. Pale cheni ilipokaza zaidi, ulegevu ulikuwa milimita 18. Pale ilipolegea zaidi, 42. Tofauti ya namna hiyo haiondolewi na ajasta, yaani skrubu za kusogezea ekseli. Ukikaza kwa kufuata sehemu iliyolegea, ile iliyokaza itakuwa inaivuta beringi ya shafti ya giaboksi kila inapopita.

Kabla ya kufungua chochote tulitafuta kukaza huko kunarudi baada ya nini. Alama moja ya chaki kwenye tairi, nyingine kwenye pingili, halafu unazungusha na kuangalia. Kukirudi kila mzunguko mmoja wa tairi, tatizo liko kwenye sproketi ya nyuma au pale inapokalia. Kukirudi karibu mara tatu ndani ya mzunguko mmoja wa tairi, tazama sproketi ya mbele au shafti yake. Kukifuata alama ya kwenye pingili, yaani baada ya tairi kuzunguka mara mbili na zaidi ya nusu, cheni yenyewe imelika bila usawa. Hapa kulirudi kila mzunguko wa tairi. Kwa hiyo hata cheni mpya isingeondoa tatizo hili, na mafundi wengi wangeuza cheni mpya hapo hapo.

Kava limetoka

Cheni ni 428 ya kawaida. Tarakimu ya kwanza ni hatua kwa nane za inchi: nne ya nane, yaani milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Hizo mbili za mwisho zinahusu upana wa ndani, ambao kwa 428 ni inchi 5/16, karibu milimita 7.9. Ina pingili 110. Sproketi ya mbele ina meno 15, ya nyuma 41.

Kupima kulika: cheni inalazwa juu ya ubao, inavutwa ikaze, kisha unapima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya ishirini na moja. Hizo ni hatua ishirini. Cheni mpya ya 428 inatoa milimita 254. Pima sehemu tatu tofauti, chukua iliyo ndefu kuliko zote. Hii ilitoa 260.5.

Kanuni tunayoifuata ni rahisi: ikifika 257 nunua nyingine uweke kabatini, ikifika 259 (asilimia 2) itoe. Chuma cha cheni hakivutiki kama watu wanavyodhani. Kinacholika ni pini na bushi ndani ya kila kiungo. Asilimia 2 ni robo milimita tu kwa kila hatua, lakini ukizidisha kwa pingili zaidi ya mia unapata karibu sentimita tatu.

Hizo pingili 110 zilitutia shaka, na tukapiga hesabu. Kutoka katikati ya shafti ya mbele hadi katikati ya ekseli, ajasta zikiwa karibu na mwanzo, ni milimita 530. Mara mbili ya 530 ukigawa kwa 12.7 unapata 83.5. Ongeza nusu ya jumla ya meno, (15 + 41) ÷ 2 = 28. Ongeza na kama 0.4 kwa sababu sproketi hazilingani ukubwa. Jumla ni 111.9, kwa hiyo cheni sahihi ni pingili 112. Mtu aliwahi kukata mbili ajasta zilipofika mwisho.

Kukata pingili ni desturi ya mtaani, na kwa mtazamo wetu ni hasara iliyovaa sura ya akiba. Kunairudisha ekseli mbele, lakini hatua inabaki ile ile iliyorefuka. Hapa kila hatua ilikuwa milimita 13.0 ikikalia meno yaliyochongwa kwa 12.7. Rola haziketi tena chini ya bonde la jino, zinapanda mgongo wake, na mzigo wote unabebwa na meno machache. Meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamekwisha kuinama upande mmoja.

Kulika kulikosalia kulionwa kwa macho. Ndani ya meno ya nyuma kuna mng'aro upande wa kushoto tu, dalili kwamba tairi halikunyooka na cheni. Raba nne za habu, zinazopunguza mshtuko kati ya sproketi na tairi, zimekufa: ukishika tairi na kuzungusha sproketi kwa mkono, inakwenda na kurudi kiasi cha kuonekana. Bushi za uma wa nyuma (mikono miwili inayoshika tairi) bado nzuri. Tulizipima kwa kulegeza shokapu na kuusukuma uma kulia na kushoto, haukugonga.

Juni: kwa nini sproketi ilikuwa inayumba

Waya mgumu ulifungwa kwenye uma ncha yake ikikaribia vichwa vya meno, tairi likazungushwa, pengo likapimwa kwa filagegi (vibamba vyembamba vya kupimia mapengo). Tofauti kati ya jino la karibu zaidi na la mbali zaidi: milimita 0.7.

Inaonekana ndogo, lakini angalia inachofanya. Sproketi ikitoka katikati kwa 0.35, ekseli ni kama inasogea mbele na nyuma kwa 0.7 kila tairi linapozunguka, na cheni ina pande mbili, kwa hiyo urefu wa ziada unabadilika kwa milimita 1.4. Kwenye cheni yenye umbali wa nusu mita hivi kati ya sproketi, milimita 1.4 inatosha kabisa kutoa tofauti ya 18 na 42.

Sproketi ilipotolewa, chanzo kilikuwa kwenye kitako chake: kutu iliyoganda kwa matabaka upande mmoja, na nati moja iliyofungwa bila washa yake ya kukunja. Kitako kilisuguliwa kwa brashi ya waya, kikamaliziwa na msasa namba 240 uliozungushiwa kibao bapa. Usiguse hapo kwa grenda. Kitako kikipotea umbo, habu nzima inakuwa ya kutupa. Sproketi mpya ilipofungwa, waya ule ule ulisoma 0.2. Hiyo tumeikubali.

Vipuri: kilichochukuliwa Mwanjelwa na kilichoachwa

Faida ya CG ni kwamba injini nyingi za bodaboda za Kichina zimetokana na mchoro wake, kwa hiyo sproketi na raba za habu zinapatikana Mwanjelwa na Kabwe bila kuagiza Dar. Lakini usinunue kwa jina. Nenda na sproketi ya zamani mkononi na vernia mfukoni. Pima tundu la kati, umbali kati ya matundu manne, unene wa jino. Ya mbele ijaribu kwenye shafti kabla ya kulipa kama muuzaji anakubali. Isiingie kwa nyundo, wala isicheze kwenye meno ya shafti.

Cheni iliyochukuliwa ni 428H. Herufi hiyo inamaanisha bamba za pembeni ni nene kuliko za 428. Hatua na rola ni zile zile, ila pini ni ndefu kidogo, na ndani ya kava la bati hiyo "kidogo" ina maana yake. Tuliifunga kwanza bila kava, tukapima nafasi kati ya kichwa cha pini na ukuta wa injini nyuma ya sproketi ya mbele. Ipo ya kutosha. Cheni yenye pete za mpira tuliiacha dukani: ni pana zaidi, na palipo na kava zima linalozuia matope huna sababu ya kuilipia.

Cheni ya dukani ni ndefu, inakatwa. Hesabu pingili mara mbili, weka alama, kisha kwa grenda sawazisha vichwa vya pini mbili za bamba la nje unalotaka kuling'oa. Weka cheni juu ya nati kubwa kwenye jiliwa na uzigonge pini kwa chuma chembamba. Cheni ikatike ikiwa na pingili ya ndani kila ncha, maana loki ya cheni ni pingili ya nje. Tumia loki iliyokuja na cheni hiyo hiyo. Loki ya 428 nyembamba usiiweke kwenye cheni ya 428H, pini zake ni fupi.

Mwenye pikipiki aliomba meno 14 mbele kwa ajili ya kupanda barabara ya Chunya. Hili tulilijadili kuliko jambo lolote. Kutoka 15 kwenda 14 uwiano unatoka 2.73 hadi 2.93, nguvu ya kupanda inaongezeka kwa karibu asilimia 7, na ekseli inarudi nyuma kama milimita 3 tu, kwa hiyo cheni ile ile ingetosha. Tatizo liko kwenye hesabu: 112 inagawanyika kwa 14 bila baki, mara nane kamili. Maana yake kila jino la mbele litakutana na rola zile zile nane maisha yote. Jino lenye kasoro linazila hizo nane, nazo zinalila jino. Kwa 15 haigawanyiki, kila jino linapita kwenye rola zote 112 na kulika kunagawanywa. Nyuma, 41 haigawanyiki kwa chochote, hapo hakuna neno. Tena sproketi ndogo inaikunja cheni kwa pembe kali zaidi kila jino linapopita.

"Sasa mzee, nikipakia gunia mbili za viazi?" Utashuka gia, kijana. Tumebaki na 15.

Kuoga kwa cheni

Cheni mpya ina mafuta ya kiwandani na haioshwi. Haya ni ya cheni ya kawaida, isiyo na pete za mpira, ambayo imeshatembea na bado iko chini ya 257.

Loweka kwenye karai la mafuta ya taa, sugua kwa brashi ngumu, badilisha mafuta mpaka yabaki safi kiasi cha kuona chini ya karai. Petroli usitumie. Inakausha haraka mno, na karibu na jiko ni hatari ya wazi. Ning'iniza cheni ikauke kabisa, tena juani.

Kisha sufuria mbili, ndogo ndani ya kubwa. Kubwa ina maji, ndogo ina oili ya difu SAE 140, kiasi cha kuifunika cheni iliyokunjwa, karibu lita moja. Jiko la mkaa, nje, upande ambao upepo hauelekei mtu. Maji ndiyo yanayolinda oili isipite kiwango, na kwa mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, ambazo zinatosha kabisa. Oili inakuwa nyepesi na kuingia kati ya pini na bushi, mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Utaona vipovu vidogo vikitoka kwenye viungo. Nusu saa, ukiigeuza kwa waya mara moja moja, halafu acha ipoe ndani ya oili ile ile. Ikipoa, hewa iliyobaki ndani inajikunja na kuvuta oili ndani zaidi. Ukiitoa ingali ya moto unapoteza nusu ya kazi.

Watu huongeza grisi humo. Grisi ya lithiamu haiyeyuki kwa joto la maji yanayochemka, itaelea mabonge mabonge tu. Acha.

Ning'iniza usiku kucha juu ya karai, asubuhi futa nje yote kwa tambara kavu. Mafuta yanayofanya kazi yamo ndani ya viungo. Yaliyoko nje kazi yake ni kuzuia kutu tu, na yakizidi yanakusanya vumbi.

Kunyoosha tairi

Mistari iliyopigwa kwenye uma wa pikipiki ya umri huu haiaminiki. Ajasta zimewahi kupinda, kunyooshwa, hata kubadilishwa moja peke yake. Tulipima kutoka katikati ya bolti ya uma hadi katikati ya ekseli, kila upande, kwa fito nyembamba yenye misumari miwili. Kushoto na kulia vilitofautiana milimita 2.5 huku mistari ikionyesha sawa. Hapo ndipo ulipotoka ule mng'aro wa upande mmoja.

Baada ya kusawazisha, thibitisha kwa uzi wa nailoni. Uzi unazunguka nyuma ya tairi la nyuma na kuja mbele pande zote mbili, usawa wa chini ya habu, ukigusa tairi la nyuma mbele na nyuma yake. Tairi la mbele ni jembamba, kwa hiyo pengo litabaki kila upande. Mapengo mawili yakilingana, tairi limenyooka.

Ulegevu: sehemu inayoua cheni nyingi

Ukipita vijiwe vya Kabwe hadi Mafiati utakuta cheni nyingi zimekazwa kupita kiasi kuliko zilizolegea. Iliyolegea inapiga kelele, na mteja anaisikia. Iliyokazwa mno inakaa kimya huku ikila beringi ya shafti, ikiikwangua sili (mpira unaozuia oili isitoke) na kumaliza bushi zake. Ile oili iliyokuwa ikidondoka chini ya sproketi ya mbele ilianzia hapo.

Uma wa nyuma hauzungukii kwenye sproketi ya mbele. Unazungukia bolti yake, ambayo iko nyuma kidogo ya sproketi. Kwa hiyo tairi likipanda na kushuka, umbali kati ya sproketi mbili unabadilika. Ni mkubwa kuliko wote pale vitu vitatu, yaani shafti ya mbele, bolti ya uma na ekseli, vinapokaa kwenye mstari mmoja. Cheni iliyo sawa ikiwa juu ya stendi inaweza kukosa pumzi kabisa ukikaa watu wawili na gunia.

Maelekezo ya kiwandani yanatoa ulegevu kwa shokapu za kiwandani. Hii ina shokapu za bodaboda, ndefu kidogo, kwa hiyo namba ile haiifai. Tuliitafuta yake hivi:

Bolti za chini za shokapu zote mbili zilitolewa. Jeki ndogo chini ya uma ikapandisha tairi polepole mpaka fito iliyonyooka iguse katikati ya vitu vile vitatu. Hapo, tairi likiwa limezungushwa hadi sehemu inayokaza zaidi, cheni ilipangwa iwe na ulegevu wa milimita 10, juu na chini kwa jumla, katikati ya upande wa chini. Shokapu zikarudishwa, jeki ikatolewa, pikipiki ikabaki kwenye stendi kubwa. Ulegevu pale pale: milimita 32. Sehemu iliyolegea zaidi: 38.

Hiyo 32 ndiyo namba ya pikipiki hii. Imeandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya kava, karibu na kizibo, pamoja na maneno "stendi kubwa, bila mtu". Shokapu zikibadilishwa, namba ifutwe na kazi irudiwe.

Ajasta zina nyuzi za hatua ya milimita 1. Robo mzunguko tu, yaani robo milimita ya ekseli, iliitoa cheni 32 hadi karibu 22. Nusu mzunguko unamaliza ulegevu wote. Anayezungusha ajasta mzunguko mzima kisha ndiyo apime, amekwisha kuharibu.

Mpangilio wa kufunga ni huu. Legeza kwanza nati ya fimbo ya breki, kwa sababu ekseli ikirudi nyuma fimbo inavuta na breki inashika yenyewe. Legeza bolti ya mkono unaozuia bamba la breki. Legeza nati ya ekseli, na ile nati kubwa ya upande wa sproketi kama yako inayo. Watu huisahau hiyo ya pili, kisha wanashangaa upande wa kushoto hausogei. Zungusha ajasta zote kwa kiasi kimoja, robo kwa robo. Sukuma tairi mbele kwa goti ili ajasta zikalie vizuri, pima tena, ndipo ufunge ekseli. Tulitumia Nm 45. Pima tena baada ya kufunga, maana kufunga kwenyewe kunasogeza. Kotapini mpya. Mkono wa breki ufungwe na kotapini yake pia: ukiachia, bamba la breki linazunguka na tairi. Mwisho pedali ya breki irudishiwe nafasi yake ya milimita 20 hadi 30, na swichi ya taa ya breki ikaguliwe.

Klipu ya loki: upande uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda, upande wa wazi ubaki nyuma. Ikae nje, kushoto, iingie kwenye mifereji ya pini zote mbili. Ijaribu kwa ukucha. Ikicheza, weka mpya. Klipu iliyotolewa kwa bisibisi haitumiki tena.

Kava

Lilipigwa likanyooshwa juu ya gogo la mkaratusi. Sehemu mbili zilikuwa na mifereji ya kusuguliwa na cheni, na huko ndiko kugonga kule kwa Mlima Nyoka kulikotoka. Tundu dogo la chini la kutolea maji lilikuwa limezibwa na grisi iliyokauka. Tumelizibua na kulipanua hadi milimita 6. Kava lisilo na tundu hilo ni bakuli la matope.

Julai hadi Agosti: barabarani

Baridi ya Julai ilionyesha kasoro ya SAE 140. Asubuhi, upande wa Uyole na kuelekea Isyonje, ni nzito kiasi kwamba ukiipaka kwenye cheni baridi inakaa juu juu. Ya kuogeshea ibaki 140, ya kupaka iwe SAE 90, na ipakwe jioni cheni ikiwa na joto la safari. Inapakwa kupitia tundu la kizibo, tairi likizungushwa kwa mkono na injini imezimwa. Tone moja kwenye kila pengo la bamba, mzunguko mzima upande wa kulia, kisha mzunguko mzima wa kushoto. Subiri robo saa, futa.

Oili chafu ya injini haitumiki. Ina unga wa chuma ndani yake, na ikichanganyika na vumbi la volkano la pande za Rungwe inakuwa msasa wa maji.

Vipimo: kwenye kilomita 100 za kwanza ulegevu ulitoka 32 hadi 44. Hilo halikuwa la kutisha. Cheni nzima ina urefu wa milimita 1,422, na ikirefuka kwa milimita moja tu viungo vinapojipanga, ulegevu unapanda hadi hapo. Karibu nusu mzunguko ukairudisha. Kilomita 300 baadaye ilisoma 35, haikuguswa. Baada ya kupanda Chunya ikiwa na mzigo na kurudi, 36. Hatua ishirini bado zinasoma 254 na nukta chache. Kugonga kumeisha, kushtuka kumeisha.

Ratiba iliyobandikwa: kupaka kila kilomita 500 kiangazi, na kila baada ya safari ya matope. Kupima ulegevu kila unapopaka. Kutoa kava na kupima hatua ishirini mara mbili kwa mwaka, Novemba kabla ya mvua na Mei zikiisha.

Kilichobaki

Sili ya shafti ya mbele bado inatoa jasho la oili, ingawa si matone tena. Beringi yake ilikaguliwa kwa kuinua shafti kwa mkono na haina pleyi ya kushikika. Sili itatolewa pamoja na ubadilishaji wa oili ujao: ondoa bamba la kushikilia sproketi lenye bolti mbili, toa sproketi, toboa bati la sili tundu dogo pembeni, ingiza skrubu na uivute. Kitobozi kisizidi milimita 2 kuingia, nyuma yake kuna beringi. Midomo ya sili mpya ipakwe grisi kabla ya kupita kwenye meno ya shafti, na meno hayo yafunikwe kwa kipande cha nailoni yasiikate. Namba iliyochapwa kwenye sili ya zamani isomwe kabla ya kuitupa.

Raba za habu ni mpya ila ni za bodaboda, ngumu kuliko za asili. Mwezi Novemba sproketi ya nyuma itazungushwa kwa mkono tena tairi likiwa limeshikwa. Kama tayari inacheza, zitatafutwa za Honda.